Barua Ulizotusomea Mamba

Kawajense, Mpanda
Machi, 1978

Shangazi Perpetua,

Miaka mingi ulisoma barua za watu wengine, na leo nakuandikia wewe barua ambayo hakuna wa kukusomea. Nikimaliza nitaisoma mwenyewe kwa sauti, taratibu, nikisimama kwenye kila nukta kama ulivyonifundisha. Kisha nitaiacha wazi. Waliokujua waisome, na wasiokujua pia. Sidhani kama utakataa, kwa sababu mambo yako yote uliyafanya uwanjani mbele za watu, hata yale ya siri.

Sikufika kwenye maziko yako. Mto ulijaa tena mara baada ya lori lililoleta habari zako kuvuka. Lori lililokuwa liondoke Mpanda Jumatatu lilikaa hadi Ijumaa, na lilipoondoka likakwama njiani, tukarudi. Niliyaandika hayo kwenye daftari langu siku kwa siku, kama ninavyoandika kila kitu. Ulikuwa ukinicheka: "Huyu mtoto hata akipiga chafya anaandika tarehe." Sasa madaftari yangu yamefika tisa, kwenye sanduku chini ya kitanda, na wiki hii nimeyasoma yote nikikutafuta. Umo karibu kila ukurasa wa miaka ile niliyorudi kijijini kwetu Mamba kufundisha kisomo cha watu wazima.

Lakini ninachokikumbuka kwanza ni cha kabla sijajua kuandika. Ni Jumapili baada ya misa, na watu wanaingia uwanjani kwetu mmoja mmoja na barua zao zimefungwa kwenye pindo la kanga. Waume na watoto wao walikuwa Tanga kwenye mkonge, Tabora, wengine Sumbawanga. Masista wa misheni walikufundisha kusoma ulipokuwa msichana, na upande wetu wa kijiji ulikuwa wewe peke yako uliyeweza kusoma mwandiko wa mkono bila kukwama. Ulikaa kwenye kigoda chini ya upenu wa ghala la mahindi. Ulinawa mikono kama mtu anayekwenda kula. Halafu, kabla hujagusa bahasha, ulimwuliza mwenye barua: "Umekula?"

Kama hajala, hukusoma. Ulimwita mama yangu alete chochote kilichopo, viazi au ugali wa jana, na barua ikasubiri kwenye paja lako hadi mtu amalize. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilikuuliza kwa nini. Ulinijibu huku unapepeta mchele, hata hukuinua kichwa:

"Habari mbaya ikimkuta mtu na njaa inamwangusha. Na nikiwauliza wenye habari mbaya tu, watajua kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo nauliza wote."

Ni wewe uliyemfanya baba akubali niende sekondari. Baba hakuwa mtu mbaya, alikuwa anahesabu mikono ya kufanya kazi shambani tu. Alisema, "Huyu akienda, mistari yake ya mahindi atapalilia nani?" Ukamwambia, "Mimi. Wewe ruhusu tu, kaka, jembe ninalo." Ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari langu la kwanza, niliouandika bwenini kwa penseli, una sentensi moja: "Leo Mamba wanapalilia, na Shangazi yuko kwenye mistari yangu." Uliipalilia misimu minne.

Nilirudi nimemaliza kidato cha nne, nimepewa kazi ya kuongoza darasa la kisomo. Nilishuka kwenye lori na ubao, boksi la chaki, furushi la vitabu, na redio kubwa niliyoipakata kama mtoto mchanga. Siku hizo kijiji kizima kilikuwa na redio mbili, ya kwetu ikawa ya tatu, na ilikuwa ya kwanza iliyokuja kwa ajili ya kusomesha watu. Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi alasiri mwalimu wa redioni alisema tufungue kitabu, nasi tukafungua. Tulisoma habari za kuchimba choo, za kuchemsha maji, za mbu. Asubuhi nilikuwa naanika betri juani ili zipate nguvu za kufika mwisho wa kipindi, na watu wakipita waliniuliza kama nauza.

Mzee Anselmi, jirani yetu aliyekuwa akifuga nyuki, alikuwa mwanafunzi wangu mzee kuliko wote na mbishi kuliko wote. Redio ikisema "Hamjambo wanakikundi," yeye alijibu "Hatujambo, sema haraka, nina mizinga." Ikiuliza swali, alijibu kwa sauti na kusubiri. Ikiendelea bila kumsikiliza, alinigeukia mimi:

"Mwalimu, huyu mwenzako hana adabu. Anauliza halafu anajijibu."

"Hakusikii, mzee."

"Sasa kama hasikii, atajuaje kwamba sijaelewa?"

Watu walicheka, mimi pia nikacheka. Usiku ule sikuandika swali lake kwenye daftari. Nililiandika baada ya miezi kadhaa, nilipoanza kuona uzito wake.

Wewe ulikuja siku ya kwanza tu. Ulikaa nyuma, ukasikiliza kipindi chote, ukasema "Anasoma vizuri," ukaondoka. Hukurudi. Jumapili uwanja wetu ukaanza kupungua watu, maana baada ya misa wengi walikwenda kwenye redio kusikiliza taarifa ya habari na muziki. Nina aibu kukuonyesha nilichoandika tarehe 9 Julai: "Shangazi haji darasani. Nadhani anaona redio imemnyang'anya watu wake." Niliiandika kwa wino, kwa mkono uliotulia, kama mtu mwenye uhakika.

Kumbe ulikuwa unamhofia mwanafunzi wangu mmoja, na nilikuwa simjui vizuri kama nilivyodhani.

Gaudensia, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alikuwa mkulima bora wa mpunga kuliko wanaume wote wa upande ule. Mume wake Kasiano alikwenda Tanga kwenye mkonge nikiwa bado mdogo. Aliandika barua kwa miaka michache, halafu zikakoma. Zote ulimsomea wewe. Nakumbuka nyingine nilizisikia kwa masikio yangu: Kasiano anamwambia mkewe alime bonde la chini kwa sababu lile la juu limechoka, asikubali ndugu zake wachukue shamba, mbegu nyekundu aiweke mbali na nyeupe, na anamkumbuka sana kila anapoona mlenda. Watu walisema Kasiano ameondoka lakini bado analima. Gaudensia alifuata kila agizo, na kila mwaka ghala lake lilijaa.

Nilipomwandikisha darasani nilimwuliza anataka kusoma nini. Alitoa mkebe wa majani ya chai uliojaa bahasha. "Hizi," alisema. "Nataka nizisome mwenyewe toka ya kwanza. Dada Perpetua alinisomea mara moja moja tu. Nimesahau nyingine zilisemaje."

Alikuwa na akili kali. Mwaka ulipozunguka alikuwa anasoma kitabu chochote nilichompa. Lakini vitabu vyetu vilikuwa vya chapa, herufi zimesimama moja moja kama miche ya kitaluni. Kasiano aliandika mwandiko wa kuunganisha, umelala na kukimbia. Gaudensia alifungua mkebe wake nyumbani, akatazama, asione hata neno moja analolijua.

Alasiri moja alikuja uwanjani kwetu. Ulikuwa unasuka mkeka, mimi nasahihisha madaftari. Alikuwa ameshika barua moja.

"Dada, kitabu nakisoma mpaka mwisho. Lakini hii ni kama mende amepita kwenye wino. Nifundishe kusoma mwandiko wa mkono."

Vidole vyako vilisimama kwenye ukindu.

"Njoo kesho saa nane," ulisema. "Uje na kalamu. Hausomeki mpaka mkono wako nao uujue."

Alipoondoka ulinieleza. Sitasahau jinsi ulivyoeleza, bila kulia, kama mtu anayetaja vitu vilivyomo ndani ya nyumba. Katika barua ya pili Kasiano alikuwa ameandika kwamba ameoa Tanga na harudi, na kwamba Gaudensia arudi kwao, shamba awaachie ndugu zake. Gaudensia alikuwa na mimba. Alikuwa amekula, ulimwuliza, lakini uliona kwamba kwa barua ile chakula hakitoshi. Ukafungua mdomo na kusoma kitu kingine. Barua zilizofuata zilimhimiza aondoke, zikakulazimisha kuendelea. Bonde la chini, mbegu nyekundu, salamu za mlenda, vyote vilikuwa vyako. Ndugu za Kasiano wasingemsikiliza Gaudensia, lakini maneno ya ndugu yao waliyasikiliza.

Sasa nikaelewa kwa nini hukuja darasani. Kijiji kizima kilikuamini kwa sababu moja tu, kwamba kilichomo kwenye karatasi ndicho kinachotoka kinywani mwako. Siku Gaudensia akisoma mkebe ule, jina lako limekwisha.

Nilikupa ushauri, na niliuandika: "Nimemwambia Shangazi aseme macho yake yamechoka. Mwandiko wa mkono haumo kwenye masomo yetu. Hakuna atakayelaumiwa." Niliona nimepata njia safi. Ulinitazama mpaka nikatazama chini.

"Wewe ndiye mwalimu hapa au ni nani?" uliniuliza. "Mtu ameniomba kusoma. Nilimdanganya kwa sababu alikuwa hawezi kubeba. Sasa anaweza kubeba. Nikimnyima leo, hiyo ndiyo itakuwa dhambi."

"Na watu wakikusema?"

"Watanisema. Nami nitawasikia."

Ukamfundisha. Kiangazi chote, siku tatu kwa wiki, nyie wawili kwenye mkeka, daftari moja katikati. Ulimwandikisha mistari ya mawimbi, halafu herufi mbili zilizoshikana, halafu tatu. Nilikuwa napita na maji au kuni na kukusikia: "Usiinue kalamu. Neno ni kamba moja, ukiinua umeikata." Nilijua unamfundisha nini hasa, na kila alipopata neno gumu ulimpongeza kwa moyo wako wote. Nimesoma na walimu wengi, Shangazi, wa hapa na wa mbali, wenye vyeti. Sijaona mwalimu aliyefundisha kwa bidii namna ile somo ambalo lingemwaibisha yeye mwenyewe.

Alikuja Jumamosi asubuhi na mkebe. Uwanjani tulikuwa watatu tu, na Mzee Anselmi akipita na debe la asali.

"Dada," alisema, "huyu mtu hakuniambia nilime bonde la chini."

"Hakukuambia."

"Nani aliniambia?"

"Mimi."

"Na kwamba nisiwape ndugu zake shamba?"

"Mimi."

"Na ile mbegu?"

"Ile nilimwuliza baba yangu kwanza, lakini aliyesema ni mimi."

Gaudensia alishusha pumzi. "Na kwamba ananikumbuka akiona mlenda?"

Hapo ndipo sauti yako ilipopungua kwa mara ya kwanza. "Hiyo pia, Gaude."

Hakupiga kelele. Alifunga mkebe, akasema, "Nimekuwa mke wa maneno yako miaka yote hii," akaondoka. Msimu mzima wa kupalilia hakuja kwetu, na mkikutana kisimani aliangalia ndoo yake.

Habari haikuchukua siku mbili kuenea. Jumapili iliyofuata uwanja ulijaa kuliko wakati wowote kabla ya redio. Wenye kujua kusoma walikuja na barua za zamani, wasiojua walikuja na watoto wao wa shule. Ulitoka ndani, ukanawa mikono, ukaketi pale pale chini ya upenu. Ukasema, "Someni. Penye badiliko nitasema ni mimi na nitasema kwa nini." Walisoma mchana kutwa. Barua mbili tu zilikuwa na badiliko, zote za msiba, na katika zote ulikuwa umechelewesha habari siku chache mpaka ndugu wafike. Wenye barua wenyewe walikumbuka hivyo. Nyingine zote zilikuwa kama zilivyoandikwa, neno kwa neno.

Mzee Anselmi alikuwa wa mwisho. Alisoma mwenyewe, kidole kikitembea, barua ambayo mwanawe alimwandikia akiwa Tabora, akimwita mchoyo na kumwambia nyuki wake ndio watamzika. Alipofika mwisho aliinua macho.

"Perpetua, hii uliisoma hivi hivi."

"Ndiyo."

"Mbona mimi hukunibadilishia?"

"Wewe ulistahili kuisikia," ulimwambia, na uwanja mzima ukacheka mpaka yeye mwenyewe akafuta machozi. Baada ya hapo, watu walianza kukuzoea upya.

Kilichobaki ni Gaudensia. Alikuja siku ya mtihani wa kisomo, alipokuja mkaguzi kutoka wilayani. Alisoma ukurasa wake wa chapa bila kukosea. Mkaguzi akafurahi, akaandika sentensi moja kwa mkono kwenye kipande cha karatasi, nadhani alitaka tu kumpongeza, akasahau kwamba wanakisomo hawafundishwi mwandiko ule. Gaudensia akaisoma hapo hapo: "Mama huyu ni mfano kwa wenzake." Mkaguzi akaniangalia mimi.

"Umemfundisha na huu?"

"Si mimi," nikasema.

"Ni nani basi?"

Gaudensia alikuwa hajasema nawe tangu Jumamosi ile. Aligeuka, akakutafuta kati ya watu waliosimama nje ya dirisha, akanyoosha mkono.

"Ni yule pale, mwenye kanga ya kijani. Yeye ndiye mwalimu wangu."

Ulijifanya unafunga kanga vizuri. Mimi nilikuona. Daftari langu la siku hiyo lina mistari mingi kuhusu waliofaulu, na mwisho kabisa nimeandika: "Leo najivunia kuwa wa ukoo huu."

Mambo yamebadilika, Shangazi. Sasa watoto wote wanatakiwa shuleni, wa kike na wa kiume, na baba ndiye anayewakimbiza wajukuu asubuhi kama vile hakuwahi kuuliza nani atapalilia. Hapa Mpanda redio zinaimba kila nyumba. Mimi nafundisha wanaofundisha kisomo, na nimeongeza somo ambalo halimo kitabuni, mwandiko wa mkono, saa nane mchana. Wakiniuliza limetoka wapi nawaambia limetoka Mamba.

Na watu sasa wanasoma barua zao kila mmoja kivyake. Naliona jambo hilo kuwa zuri, na ndilo tulilolifanyia kazi, mimi na wewe. Lakini swali la Mzee Anselmi nimelibeba mpaka huku. Sauti inayosema na watu wote kwa pamoja itajuaje nani kati yao hajaelewa, nani ana mimba, nani ana njaa? Nawafundisha walimu wangu kwamba redio ikishazimwa ndipo kazi yao inaanza. Mwaka jana mmoja aliniambia nimepitwa na wakati. Nikamjibu kwamba huenda, lakini aende kwanza akamwulize yule mama wa nyuma kwa nini leo hajafungua kitabu.

Sasa nikwambie jinsi nilivyopata habari zako. Dereva wa lori la kwanza kuvuka mto alinikuta ofisini, mchana, akanipa bahasha. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, mkubwa, wa mtu asiyeinua kalamu mpaka neno liishe. Nikajua mkono huo ni wa Gaudensia, kwa sababu herufi zake ni zako. Hakuwahi kuniandikia kabla. Nikafungua nikiwa nimesimama.

Mstari wa kwanza ulisema: "Mwalimu, umekula?"

Wa pili: "Kama hujala weka hii chini, ule kwanza, ndipo uendelee. Walitaka kupeleka tangazo redioni nikakataa. Redio isingekuuliza."

Niliikunja. Nilikwenda nyumbani, nikasonga ugali, nikala wote na maharage ya jana, tonge baada ya tonge, nikijua. Niliosha sahani. Nilinawa mikono. Ndipo nikakaa na kuisoma barua yako ya msiba mpaka nukta ya mwisho, na sikuanguka.

Pumzika, Shangazi. Mistari yako sasa tunapalilia sisi.

Ni mimi, mwanao wa kwa kaka